Siku Tuliyomtembeza Farasi Chini ya Minazi

Alianza kwa kugeuza shingo na kujitazama ubavuni. Nilikuwa nikimchana mkia, kwa kuwa jioni ile angembeba bwana arusi, nami nilitaka kila unywele ulale mahali pake. Akajitazama ubavu, akaparapara mchanga kwa ukwato, akajitazama tena, kama mtu aliyeitwa kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

"Baba," nikaita, "mbona anajitazama?"

Baba alikuwa akizipaka hatamu mafuta ya nazi. Aliziacha zikaanguka.

Alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja wa Diani, tangu kabla sijazaliwa. Bendera ilipobadilishwa mzungu yule alipanda meli kurudi kwao. Alichukua matandiko, akamwacha farasi. Kule juu, milimani Kwale, mbung'o wangemmaliza, lakini huku chini penye upepo wa pwani aliishi, akawa wetu, kisha akawa wa kijiji kizima. Tulimwita Bibi tu. Alikuwa wa rangi ya kijivu, na arusi za Ukunda hadi Gasi zilimtaka. Baba hakuwahi kumwita mali. Alimwita mwenzangu.

Sasa aliweka sikio kwenye tumbo la mwenzake, akafumba macho.

"Kimya," akasema. "Tumbo la farasi hunguruma mchana kutwa. Hili limenyamaza." Akashika kamba. "Limemsokota. Akilala akagaragara, matumbo yatajifunga. Asilale, mwanangu. Lolote lile, asilale."

Tukaanza kumtembeza, baba mbele na kamba, mimi ubavuni na mkono wangu shingoni mwake. Tuliizunguka minazi ya nyuma ya nyumba, tukarudi tulipoanzia, tukazunguka tena. Jasho lilimtoka hata masikioni. Kila mara magoti yalipotaka kukunjika, baba alimvuta na kumsemesha kwa sauti ya chini, nami nilimsukuma kwa bega langu dogo huku nikilia.

Nyumba ya bwana arusi ilikuwa ya pili kutoka kwetu. Kina mama waliokuwa wakipika huko tangu alfajiri waliacha masufuria, wakaja na moshi katika kanga zao.

"Mtapisheni," alisema shangazi wa bwana arusi. "Mpeni maji ya chumvi."

"Farasi hatapiki, shangazi. Hakuumbwa hivyo. Kikiingia hakirudi." Baba hakusimama. "Amekula nini leo?"

"Majani yake tu," nikasema.

"Na machicha," alisema shangazi. "Nilimpa ya nazi nilizokamua asubuhi. Bakuli moja. Nikasema naye ni mwenye arusi, ale."

Jirani yetu akamgeukia. "Wewe nawe ulimpa? Mimi alikuja mlangoni mwenyewe, akanitazama. Ningemnyima vipi?"

Mwanamke wa tatu alijifunika uso kwa kanga. Siku ile hapakuwa na nyumba isiyokuna nazi, na kila nyumba ilidhani ni yenyewe peke yake iliyomkumbuka.

Nilingoja baba apige kelele. Nilitaka apige. Lakini alisema tu, "Sogeeni kina mama, apate njia."

Bwana arusi alikuja na kanzu mpya, ananukia udi. Alimtazama Bibi mara moja, akaiokota baiskeli ya baba iliyolazwa ukutani. Ukunda palikuwa na duka lenye simu ya kumwitia daktari.

"Utatoka na kanzu hiyo?" shangazi akamwuliza. "Watu watasema umemkimbia mke."

"Na waseme. Nikifika kwa mke kwa miguu, si watasema pia?"

Wengine walicheka. Nikawachukia wote kwa cheko lile.

Wakati huo mama alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuomba kombe, aya zile zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mwalimu alikuja naye, akasita hapo penye minazi, sahani mkononi. "Sijapata kumwandikia mnyama, mama."

"Mwanao alikwenda kuoa juu ya mgongo wake, mwalimu."

Akaketi mchangani, akaandika. Baba alimtilia Bibi kwa chupa pembeni mwa mdomo. Nusu ilimwagika, ikamchirizika kifuani ikiwa manjano, nami niliipangusa kwa kiganja na kumpaka tumboni, kila tone, nikiamini, nikiamini kwa nguvu ambayo sikuwa nayo kabla ya hapo wala sijaipata tena.

Bwana arusi alirudi na vumbi usoni na grisi ya mnyororo kwenye upindo wa kanzu. Alimsemesha baba huku akitembea naye.

"Daktari wa farasi amekwisha kwenda kwao kama wenzake. Aliyebaki ni wa ng'ombe, naye yuko mbali, Mackinnon Road, anachanja. Wakimpata watamwambia."

"Wakimpata," alisema baba.

Ilipoadhiniwa alasiri, Bibi alisimama. Baba alivuta kamba, nikasukuma, bwana arusi akasukuma pamoja nami. Hakwenda. Alimtazama baba kwa muda, na baba akaona nisichokiona mimi, kwani alilegeza kamba.

"Baba, umesema asilale!"

"Mwache, mwanangu. Amechoka."

"Umesema asilale."

Alilala. Hakugaragara. Baba alikipakata kichwa chake kile kizito, akamfukuzia nzi kwa kofia yake mpaka hapakuwa na haja ya kuwafukuza, na bado akaendelea.

Msafara wa arusi uliondoka jua likizama. Bwana arusi alitembea kwa miguu, kanzu ile ile yenye grisi. Walipopita kwetu walinyamazisha ngoma, na hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele mpaka walipoupita ukuta wetu.

Wanaume walibaki kuchimba kaburi. Njia tuliyoikanyaga kuzunguka minazi ilikuwa imezama mchangani kama mfereji, na mvua za kuifuta zilikuwa mbali. Kila asubuhi baada ya hapo, baba aliikuta njiani akienda kisimani. Hakuikanyaga. Alifika penye ukingo, akainua mguu, akavuka, kama mtu anayemruka aliyelala.