Kijiko cha Kwanza

Mimi ni mtu wa pupa, wala sijawahi kuficha. Nikikasirika napiga kelele, nikifurahi ndiyo kabisa. Ndiyo maana asubuhi ile nilipotoka mbio kwenye kibanda cha vipimo kule Temeke, nikipunga karatasi na kuita, "Mjomba! Si wewe! Si wewe!", wenzangu kiwandani hawakugeuka hata kutazama. Walishanizoea.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo. Tajiri wetu, Mwarabu mzaliwa wa Dar es Salaam, aliacha duka la vitambaa akaanza kugandisha mafuta ya karanga yawe ya kupikia, yale magumu ya mkebe. Mafuta yalitiwa kwenye tangi la chuma, yakapashwa moto, yakapulizwa gesi ya haidrojeni. Lakini gesi na mafuta havishikani hivihivi. Lazima uwepo unga wa nikeli wa kuvikutanisha, nao wenyewe haupungui. Unga huo aliuoka mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye zamani alikuwa mfua bati. Ndiye aliyeniombea kazi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kemia shuleni na nilijua kuchora grafu.

Kisha mafuta yakagoma kuganda. Tajiri akatamka mbele ya watu kwamba unga ni mbovu, na kwamba mwezi ukiisha hali ikiwa ileile, mjomba aende zake, unga utaagizwa kutoka nje. Nilimwona mjomba akichekecha unga wake mara tatu badala ya moja, na roho ikaniuma vibaya sana.

Nikaanza kupima. Nilikuwa na kitangi cha majaribio kinachoenea mapajani. Kila robo saa nilichota mafuta kidogo, nikayapoza juu ya kigae, nikaona yameganda kiasi gani. Kichwani niliiona kila punje ya nikeli kama baraza lenye nafasi chache. Gesi inakaa, mafuta yanakaa kando yake, wanaungana, wanaondoka, wengine wanakaa. Kasi ya kazi nzima ni hesabu ya nafasi zilizo wazi. Basi kama unga ni mbovu, kila kijiko kitafanya kazi kidogo, lakini kitafanya.

Mjomba alinitazama kwa jicho baya.

"Unanipima mie?"

"Napima unga, mjomba."

"Unga ni mie," akasema, akaenda zake.

Nilitia kijiko kimoja, mafuta yakabaki maji. Viwili, yakaanza kuganda polepole. Vitatu, kasi ikawa maradufu ya viwili. Vinne, mara tatu. Nilipounganisha nukta kwa rula, mstari ulinyooka vizuri, ila haukuanzia kwenye sifuri. Ulianzia kwenye kijiko kimoja! Niliruka nikagonga kichwa kwenye bati la paa. Unga ulikuwa mzima kabisa. Ila kila mara kijiko cha kwanza kilikuwa kinapotea, na unga mbovu haupotezi kijiko kimoja tu kisha ukafanya kazi barabara. Ndani ya mafuta kulikuwa na kitu kinachokalia nafasi na hakiinuki tena.

Hapo ndipo nilipotoka mbio nikipiga kelele. Mjomba alinisikiliza mkono ukiwa kiunoni, halafu akauliza swali moja tu: "Kitu gani?"

Nilirudi kibandani nikiwa nimewaka. Nilichukua mafuta yaliyotoka kwenye kinu cha kukamulia karanga dakika ileile, kabla hayajaingia kwenye mapipa ya akiba. Kijiko kimoja kikagandisha. Kumbe ni mapipa! Nikakimbilia ghalani, nikafungua pipa tupu, nikaingiza kichwa, nikavuta pumzi. Harufu ile niliijua: niliiweka mimi mwenyewe.

Kwetu mtungi hautiwi maji kabla ya kufukizwa ubani. Mama alinilea hivyo. Nilipokabidhiwa mapipa, yaliyokuwa yamejaa mende, niliona aibu kuyaacha bila kuyafukiza. Ubani nikauona haufai kwa mende, nikachoma kiberiti cha manjano, yaani salfa, kile cha kutibu upele. Kila pipa, kila Jumamosi, kwa miezi miwili. Moshi wake ulikwama kwenye chuma, ukaingia kwenye mafuta, ukaenda kukalia nikeli.

Niliogopa, ndiyo. Lakini nisiseme uongo, furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Niliwakuta tajiri na mjomba mlangoni, nikawaambia mapipa yamefukizwa kiberiti, na moshi wake ndio unaoziba unga.

"Nani kayafukiza?" tajiri akauliza.

"Mie!" nikajibu, meno yote nje.

"Na unacheka?"

Sikuweza kujizuia. Tajiri alinitukana mpaka pumzi ikamwishia, kisha akaamuru niyasugue mapipa yote kwa magadi, peke yangu. Mafuta yaliyokwisha kuharibika sikukubali yamwagwe. Nilisema tutangulize unga uliochakaa, sumu iukalie huo, kisha ndipo tutie mpya. Yakaganda. Baadaye nikamwomba mjomba aoke nikeli juu ya udongo laini, itandazike, nafasi ziwe nyingi, na kijiko kimoja kikafanya kazi ya viwili. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilianzia hapo.

Ila jioni ile ya kwanza, nikiwa ndani ya pipa nikisugua kwa magunzi, mjomba alikuja na karatasi yangu. Hakuwa amesoma, na alikuwa ameishika juu chini. Akaigeuza nilipomwonesha.

"Hebu nioneshe," akasema, "pale panaposema si mie."

Nilitoa mkono wenye magadi nikagusa mahali mstari unapoanzia. Akaweka kidole chake hapohapo, na hakukiondoa kwa muda mrefu.