Alichokiri Filimbi kwa Mama wa Marehemu

Wifi yangu ni mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea ambako mimi nauza tiketi. Watu wamempa jina la Filimbi, maana ngurumo ikisikika tu, hata iwe mbali kiasi gani, anapuliza mpaka mashavu yanamvimba. Wote nje! Anawakusanya ukumbini, anafunga bafu kwa ufunguo, anasimama mlangoni nusu saa nzima tangu ngurumo ya mwisho.

"Dada, angalau tujisuuze. Hii dawa ya maji inatuwasha!"

"Jikuneni."

Wanamcheka eti ana wazimu wa mvua. Mdomo huniwasha kuwajibu, ila naihitaji kazi yangu. Nyumbani tunaishi pamoja, na wingu likitanda haoshi hata kikombe. Anakaa katikati ya kitanda, anasikiliza maji yakimwagika, ilhali bomba zote tumezifunga. Kusema kweli, naogopa kuingia chumbani kwake.

Miaka sita iliyopita, mvua ilipokaribia, aliwatoa watu majini mapema kama alivyofundishwa. Binti mmoja, mwanafunzi wake wa kuogelea, alikuwa anatetemeka kwa baridi. Filimbi akamwambia, "Nenda kaoge maji ya moto, mpenzi, mvua ikipita tutaendelea." Radi ikapiga tangi la juu ya paa, ikashuka na mabomba ya chuma hadi bafuni. Tulimkuta sakafuni, maji bado yanammwagikia.

Wakubwa wetu wa kazi wakaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alikaidi amri ya kutoka bwawani. Filimbi akanyamaza. Na mimi niliyeyasikia yote nikanyamaza.

Tangu hapo mama wa marehemu hupita kila Alhamisi. Tena yeye ndiye anayemfariji Filimbi, jamani! "Usijilaumu, mwanangu. Yule alikuwa mbishi tangu mdogo. Ungefanya nini?" Akiondoka tu, wifi yangu hunijia dirishani.

"Nikimwambia ukweli, atanichukia mpaka nife," aliniambia. "Nisipomwambia, huyu mtoto haniachi. Kila mvua yupo."

"Nyamaza, wifi," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Alhamisi iliyopita hakunisikiliza. Alimketisha yule mama kwenye benchi mbele ya dirisha langu la tiketi, akasema bila kuzungusha maneno: "Mama, binti yako hakukaidi. Alitoka majini, tena wa kwanza. Mimi ndiye niliyemtuma bafuni."

Nilijua kofi linakuja. Niliinuka kabisa kwenye kiti.

Yule mama hakuinua mkono. Alimtazama Filimbi mpaka nikaona aibu kuwa pale.

"Ulipomwambia atoke, alitoka?"

"Alitoka, mama."

"Na ulipomwambia akaoge, akaenda?"

"Akaenda. Akasema, asante mwalimu."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Sauti ilipomtoka, haikuwa ya kumlaumu mtu yeyote pale.

"Miaka sita," alisema, "kila nikienda kaburini kwake, namgombeza."