Miswaki Miwili ya Mama

Jumapili moja mwaka huu nilikuwa nimetoka kuchambua omena jikoni, hapa ninapoishi Suna, nikaenda kupiga mswaki kabla hata sijanawa vizuri. Harufu ya samaki mikononi ikakutana na harufu kali ya dawa ya meno, nami nikabaki nimesimama na mswaki mdomoni kama mtu aliyesikia akiitwa. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilipotema, povu lilikuwa na uzi mwekundu.

Harufu hizo mbili zikikutana, mimi hurudi Muhuru Bay nikiwa na miaka kumi, na mama yangu ameinama nyuma ya nyumba na kikombe cha bati mkononi. Kuna jambo nililofanya pale ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nitawasimulia ninyi, ila naomba mnihukumu polepole.

Mama alikuwa mwanika omena. Mashua zilipoingia asubuhi yeye na wenzake walijaza mabeseni, kisha wakatandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na kumwaga samaki wale wadogo, na ufuo mzima ukang'aa kama mtu amevunja vioo. Mama hakuanika peke yake. Alishirikiana nyavu na jirani yetu, Min Achieng, yaani mama yake Achieng. Waliolewa pale msimu mmoja, wakajifungua mwaka mmoja, na walijua mambo ya nyumba ya mwenzao kuliko waume zao walivyoyajua. Mmoja akifukuza kunguru, mwingine aligeuza samaki. Siku ya Sabato walikaa benchi moja kanisani, mama akiimba sauti ya kwanza na Min Achieng sauti ya pili, na mimi niliamini wimbo wowote huhitaji watu wawili.

Mama alipokuwa na mimba ya ndugu yangu Ouma, fizi zake zilianza kuvimba na kutoka damu. Nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani, hakushtuka. Alisema kila mtoto huondoka na jino la mamake, hayo ni mambo ya kawaida. Dani mwenyewe hakuwa na meno sita ya chini. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi ya zamani, na alicheka mdomo wazi bila aibu, hata nikadhani nyanya wote huumbwa hivyo. Kwa hiyo Ouma alipozaliwa, nilimfungua viganja vyake vidogo, kimoja kimoja, nikitafuta jino aliloliiba. Sikulipata. Nikaona huyu mtoto ni mjanja.

Lakini damu haikukoma. Asubuhi moja nilitumwa kuosha kile kikombe cha bati, nikaona nyuzi za mswaki wa mama zimeshika wekundu. Miaka ile ukanda wetu wa ziwa ulikuwa umezika watu wengi, na hata mtoto alijua kwamba mtu mzima akianza kukonda na kutoka damu, watu hushusha sauti anapopita. Mama alikuwa amekonda. Kwamba alikuwa akinyonyesha na kubeba mabeseni tangu alfajiri, hilo halikunijia kichwani.

Niliugusa mswaki ule kwa kidole. Nyuzi zake zilikuwa ngumu, kama zile za brashi ya kusugulia kola za shati. Akili yangu ikaamua hapo hapo: kitu hiki ndicho kinachomkata mama, na kikiondoka atapona. Nilingoja aende ziwani, nikaupeleka chooni na kuutupa shimoni. Siku hiyo nilikula vizuri kuliko siku zote.

Mama aliutafuta, akaniuliza, nikatikisa kichwa. Alinunua mwingine, akauchomeka juu, pale mabati yanapokutana na ukuta. Baada ya siku chache nilisikia tena akitema, nikaona tena wekundu kwenye majani. Nilipanda juu ya mtungi wa plastiki, nikauchomoa, nao ukaenda kumfuata mwenzake.

Sasa niwaeleze kitu ambacho sikukijua. Sisi ni watu wa Sabato, na uchawi hatukuutaja kwa mdomo. Ila hofu yake tulikuwa nayo nyumbani kama tulivyokuwa na chumvi. Ilisemekana kwamba mtu akitaka kukumaliza huchukua kitu chako cha mwilini: nywele, kucha, kitambaa chenye jasho. Mswaki una mate yako, na wa mama ulikuwa na damu yake. Mmoja ukipotea, umepotea. Ikipotea miwili, na wa pili ukiwa umefichwa, mtu huanza kuhesabu nani huingia nyumbani mwake. Mtu mzima aliyeingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi alikuwa mmoja tu.

Nilikuwepo ufuoni siku mama alipomwendea. Min Achieng alikuwa amechutama akiokota takataka kati ya samaki. Mama alisimama mbele yake na kuweka beseni chini.

"Min Achieng, nirudishie kitu changu," akasema.

Min Achieng alidhani ni mzaha, akauliza kitu gani, kama ni ufagio uko pale.

"Kile kilichotoka mdomoni mwangu."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kazi. Min Achieng hakusimama upesi. Alimwangalia mama muda mrefu, na nikaona uso wake ukibadilika kadiri maneno yalivyomwingia. Hakujitetea. Alianza kuwahamisha samaki wake kutoka nyavu zetu, kwa mikono, akiwatia ndani ya leso yake, na ilimchukua muda kwa sababu samaki wa watu wawili walikuwa wamechanganyika. Mama alimwacha afanye peke yake.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwao. Ningeweza kusema. Nilijiambia kwamba nikisema, mama atanichapa. Hiyo ilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba nikisema, atanunua mswaki wa tatu, damu irudi, afe. Sabato iliyofuata Min Achieng alikaa benchi la nyuma, na haikupita miezi mingi familia yake ikahamia Sori, kule upande wa Karungu.

Mama hakununua mswaki wa tatu. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akaacha hivyo. Damu ilipungua kuonekana, nami nikajisifu moyoni. Kisha pumzi yake ikabadilika. Nitasema ukweli, kwa sababu nimeahidi kusema: nilianza kugeuza uso alipoinama kunifunga vifungo vya sare, na yeye aliona. Alianza kuongea akiwa ameweka ncha ya leso mdomoni. Fizi zikajivuta nyuma, meno yakaonekana marefu, mawili ya mbele yakaachana na kuanza kucheza. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo lakini hakuimba. Jioni moja tukiwa tunakula ugali na omena alitulia, akaingiza vidole mdomoni, akatoa jino. Halikuwa limeoza. Lilikuwa zima, limetoka tu, kama kigingi kwenye udongo uliolowa. Baba aliangalia sahani yake. Dani akasema polepole kwamba Ouma amechukua lake. Ouma wakati huo alikuwa anatambaa, na nilimchukia kwa muda wa siku mbili.

Aliyetusaidia alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, bila kukusudia. Alizoea kuandika nusu ya methali ubaoni na kumchagua mtu amalizie. Siku hiyo aliandika "Mficha maradhi," akaniita mimi. Jibu nililijua. Nilisimama, nikafungua mdomo, na badala ya neno "kifo" kikatoka kilio ambacho sikuweza kukizuia. Alinitoa nje, tukakaa kwenye ngazi za darasa, nikamwambia mama yangu anatoka damu mdomoni na meno yanaanguka. Habari za miswaki sikumwambia. Nilitoa nusu ya maradhi yangu, nusu nikaificha.

Jumapili yake mwalimu alikuja nyumbani, akaongea na mama faraghani. Juma lililofuata tulikwenda hospitali moja mjini Migori, mimi nikiwa nimembeba Ouma mgongoni. Daktari wa meno alikuwa kijana mpole, mtu wa Ntimaru asiyejua Kijaluo, kwa hiyo yeye na mama walizungumza Kiswahili. Alimwangalia kinywa chote, akampa kioo ajionee. Akamuuliza aliacha lini kupiga mswaki.

"Mtoto huyu alipokuwa mchanga," mama alisema. "Fizi zilikuwa zinatoka damu, nikaona mswaki ndio unaniumiza. Halafu miswaki ikapotea, yote miwili, nikaacha."

"Hapo ndipo mambo yaliharibika, mama. Damu ilikuwa inakuomba usafishe zaidi, polepole, na mswaki laini. Wewe ukaacha."

Alimweleza bila kumwaibisha. Chakula huacha utando kwenye meno. Usipoondolewa kila siku hukauka ukawa ukoga, mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuubandua. Ukoga hujipenyeza chini ya ufizi, ufizi unavimba, unatoka damu, harufu inakuja. Hatimaye hata mfupa unaoshika jino huliwa taratibu, na jino zima linakosa pa kujishikilia. Mimba huzifanya fizi kuwa nyepesi kuvimba, ndiyo maana mjamzito anapaswa kuzitunza kuliko mtu yeyote. Lakini hakuna mtoto anayeondoka na jino la mamake.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si mtu?"

"Mtu gani, mama?"

Mama akafungua mdomo tena. Siku hiyo daktari alimng'oa meno mawili ambayo hayakuweza kuokolewa, akasafisha mengine kwa vyuma vyembamba, na mimi nilisimama kando ya mlango nikisikia ukoga ukikwaruzwa. Nilikuwa nimeelewa. Sijui kama mtu wa miaka kumi anaweza kuelewa kitu chote kwa mara moja, lakini mimi nilielewa, na nikanyamaza hadi Muhuru.

Mama alipona kwa kiasi mtu anachoweza kupona. Meno hayakurudi, ila fizi zilikaza, harufu ikaisha, na akarudi kuimba, ingawa herufi ya "s" ilimponyoka kidogo. Alikuwa mkali juu ya kupiga mswaki. Asubuhi na usiku alitusimamia sote, hata baba, hata Dani na yale machache aliyobaki nayo. Ufuoni akimwona mjamzito alimshika mkono na kumwuliza kama anatoka damu mdomoni, na akiambiwa ndiyo alimwambia asiache mswaki, aende Migori. Wanawake walimcheka, wakamwita daktari wa omena, lakini walikwenda. Nadhani hakuna mwanamke wa ufuo ule ambaye hakuambiwa. Kuhusu Min Achieng alisema mara moja tu, akiwa anakunja nyavu: "Ugonjwa hakuuleta yeye. Lakini miswaki ilienda wapi?" Aliziangalia nyavu alizokuwa akizikunja. Nami niliishika ncha ya pili.

Ndiyo maana uzi ule mwekundu hapa Suna ulinivunja. Nilikwenda kliniki kesho yake, nikasafishwa, na hofu ya mwili ikaisha. Hofu nyingine haikuisha. Jumapili iliyofuata nilimwendea mama, nikamwambia yote, kuanzia kikombe cha bati hadi shimo la choo.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kana kwamba huenda nimekosea kukumbuka. Kisha akaenda chumbani, akabadilisha nguo, akasema twende Sori.

Min Achieng alitupokea kama wageni, kwa heshima iliyozidi. Alituletea viti, akauliza habari za baba, akanisifu kwa tumbo langu. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Wakati wote alizungumza akiwa ameinua mkono mbele ya mdomo, na mimi nilijua ishara ile kabla akili haijakubali. Mama akaniambia nianze. Nilisimulia nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, mama alisema tu, "Nilikukosea mbele ya watu, na nimekuja bila watu. Hilo nalo nalijua."

Min Achieng alishusha mkono. Juu alikuwa na meno manne. Chini sikuona hata moja.

"Nami nilikuwa natoka damu miaka ile, Min Atieno," akasema, akimwita mama kwa jina langu. "Nilikuwa na mimba ya yule wangu wa mwisho. Nilisikia kwamba umekwenda Migori ukapona, na kwamba unawafundisha wanawake. Nilitaka nije nikuulize ulifanya nini. Lakini mchawi anamwulizaje mtu habari za kinywa chake?"

Hakulia, na wala hakutufukuza. Tulikaa hadi mchana, akatupikia, na yeye akalowesha ugali wake kwenye mchuzi hadi ukawa uji. Mama alimwambia kuna daktari anaweza kuangalia hayo manne yaliyobaki, na hata kumtengenezea mengine. Akajibu kwamba atafikiria. Walipoagana walishikana mikono, mama kwa mikono miwili, Min Achieng kwa mmoja.

Kwa miaka ishirini nilidhani nadaiwa na mtu mmoja, na deni lenyewe ni meno matatu. Nilijipa moyo kwamba nilikuwa mtoto, nilifanya kwa mapenzi, na mama alipona. Yote ni kweli. Ila siku ile Sori ndipo nilipoelewa kwamba nilipotupa miswaki nilikuwa mtoto anayeogopa, lakini kila mwaka niliokaa kimya baadaye nilikuwa mtu mzima anayejua. Neno lililomponya mama lilimfikia kila mwanamke wa ufuo wetu. Halikufika Sori, na aliyeifunga njia ni mimi.