Sindano ya Ndama wa Melchior

Mukendi, mtu wa Kasai, alifika Butembo mwaka 1962, serikali ikiwa imemtuma kutibu wanyama. Alikuwa na baiskeli na sanduku la dawa. Miaka miwili baadaye waasi walichukua Stanleyville, malori yakaacha kuja, na sandukuni ikabaki chupa moja ya iode, dawa ya kupaka vidonda.

Wakati huo ndipo ndama wa Melchior walianza kufa. Melchior, mfanyabiashara, alikuwa amenunua ng'ombe kwa mzungu aliyekimbia. Ndama walizaliwa wazima. Siku ya pili wakahara maji meupe, siku ya nne wakafa. Watatu walikuwa wamezikwa Mukendi alipoitwa.

Aliona kwamba wote walizaliwa katika kibanda kimoja, juu ya mavi ya zamani. Akaeleza kwamba mikrobi wa kuhara wanakaa humo, na ndama anawameza anapotafuta chuchu. Akauliza maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yanakwenda wapi. Jokébed, mke wa Melchior, akajibu kwamba wanayamwaga, maana yanafanana na usaha. Mukendi akawaambia hayo ndiyo kinga ya ndama. Ayanyonye mara tu anapozaliwa.

Melchior aliitikia kila neno. Kisha akasema, "Nimesikia, docteur. Lakini sindano utaleta lini?"

Mukendi alipanda kilima cha Melchior mara mbili tena. Kibanda kilikuwa vilevile, ndama mwingine amelala mkia umelowa, na swali lilikuwa lilelile. Mara ya mwisho askari wa barrage, kizuizi cha barabarani, walimnyang'anya pampu ya baiskeli. Gurudumu likaisha upepo, akasukuma baiskeli hadi Butembo, akigomba peke yake kwa Tshiluba, lugha ya kwao.

Alhamisi moja Jokébed alimwita: ng'ombe mwekundu alikaribia kuzaa, na Melchior alikuwa amesafiri kwenda Beni. Wakamfunga ng'ombe penye majani safi. Ndama alipozaliwa, Jokébed aliosha chuchu, akamnyonyesha maziwa ya njano kabla hajasimama vizuri. Juma lilipita, ndama anarukaruka.

Melchior aliporudi, aliwaambia watu nje ya kanisa, "Docteur alikuwa anaficha sindano. Nilitoka tu, akaitoa."

Jokébed alijaribu kueleza, lakini walikuwa wanamsikiliza mumewe.

Jumatatu watu sita walisimama mlangoni pa Mukendi, wakitaka sindano kwa ndama wao. Akaanza tena habari ya kibanda na maziwa. Mwishowe akawafungulia sanduku.

"Muangalie benyewe," akasema. "Sindano haiko. Haikukuwako hata siku moja."

Waliangalia ndani. Kisha mmoja wao akamuuliza kwa upole kama alitaka walete kuku kwanza.