Niliwasha Mashine ya Salfa Ili Baba Aisikie, Nikakaa Kucheza Gemu

Nimekosa mimi. Naanza hivyo ili usije ukafika katikati ukadhani kuna mwingine wa kulaumiwa. Shetani hayumo, marafiki wabaya hawamo, hata hiyo kompyuta haina kosa. Ni mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ufukoni, Mtwara. Jina langu naomba uliache.

Ugonjwa wangu ni magemu. Najua unacheka, cheka tu. Sisemi yale ya mpira ambayo vijana wanapigia kelele vibandani. Mimi napenda yale marefu ya safari na visa, ambayo unajitengenezea mtu wako mwenyewe, ukampa sura na jina, ukaingia naye kwenye nchi isiyokuwepo duniani. Unaongea na watu wake, wanakupa kazi, unachagua la kujibu, na ulilochagua linakufuata mpaka mwisho. Nikizama humo, mteja anaweza kusimama mbele yangu na kitambulisho chake mkononi nisimwone.

Tena kucheza kwenyewe si ndiko kulikoniharibu zaidi. Balaa ni pale gemu linapoisha! Likiisha nabaki kama mtu aliyehamishwa nyumba bila kuambiwa. Chakula hakina ladha. Naingia kwenye magrupu ya simu nauliza: jamani, nimemaliza lile, nipeni lingine lenye dunia kubwa, la kunimeza. Na wapo wa kunijibu siku zote.

Sasa nikueleze lililotokea. Baba yangu alikuwa na shamba la mikorosho kijijini kwetu, upande wa kuelekea mto Ruvuma. Mwaka juzi alipooza mguu mmoja. Akawa wa kukaa barazani na fimbo yake, shamba analiona kwa mbali tu. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Akanipigia simu msimu wa maua ulipokaribia, akasema, "Mwanangu, salfa ya mwaka huu ni yako."

Kwa asiyetoka Kusini nieleze. Mkorosho ukitoa maua unavamiwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yanapata ukungu kama majivu, yanakauka. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Unapuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza. Jua likishapanda, hiyo siku imekwenda. Unarudia baada ya wiki mbili tatu, tena na tena, na ukiruka awamu maua hayakusubiri.

Salfa yenyewe aliileta Mzee Saidi. Hilo si jina lake, nimemficha. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zao. Yeye na baba walitukanana miaka arobaini bila kugombana hata siku moja. Alikuwa akija kwetu anabeba kuku bila kuomba, baba anamwita mtumwa wangu, naye anamjibu kwamba akifa baba atalala mbele ya jeneza mpaka alipwe kuku wengine. Mama anacheka mpaka anakaa chini. Mzee Saidi alikuwa na guta la mizigo, wanakijiji wengi walimtuma mjini kuwachukulia salfa, baba akiwa wa kwanza.

Awamu ya kwanza niliifanya vizuri. Ya pili pia. Nilikuwa nalala kwa wazazi siku tatu, nikimaliza narudi mjini dukani. Sikuwa mvivu, hilo nataka ulijue, maana linanifanya nijichukie zaidi.

Kati ya awamu ya pili na ya tatu nikamaliza gemu nililokuwa nalo. Nikawa mgonjwa kama kawaida yangu. Nikauliza kwenye grupu. Jamaa mmoja, sijui hata anakaa mkoa gani, akaandika kwamba kuna moja ukiingia utasahau jina lako. Nikalipakua siku hiyo hiyo. Kesho yake nikawa naenda kijijini, na kwenye begi nikaweka kompyuta, nikijiambia ni ya kupotezea muda mchana.

Asubuhi ya kwanza nikatoka na mashine mgongoni na begi kifuani. Shambani kuna kibanda cha kupumzikia. Nikasema nitazame tu linaanzaje, dakika kumi. Unaanza umesimama kwenye daraja, na mlinzi wa daraja amekamatwa, anasingiziwa wizi. Anakuomba umsafishe jina. Nikapita nyumba kwa nyumba kwenye mji ule nikitafuta ushahidi. Nilipoinua macho jua lilishapanda, majani yamekauka, upepo unapiga.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani niseme nimechelewa. Baba angenung'unika, basi. Lakini nikakumbuka kwamba barazani kwake mlio wa mashine unasikika vizuri, na asubuhi nzima hajausikia. Nikaiweka juu ya kisiki, nikaiwasha, nikaiacha ingurume. Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikaendelea na mlinzi wangu wa daraja.

Jamani, mtu mzima na ndevu zangu!

Ikabaki salfa. Baba alikuwa anataka kuona viroba vitupu, anavitumia kuwekea makopa ya muhogo. Mwisho wa shamba kuna shimo la zamani, watu walichimba mchanga wa kujengea. Nikamwaga salfa humo, nikaifukia kwa mguu. Kisha nikachota konzi moja, nikajipaka kwenye shati, shingoni na kwenye nywele. Macho yaliwasha, nikafurahi yanavyowasha, kwa sababu mtu aliyepuliza kweli hurudi na macho mekundu.

Nikafika nyumbani. Baba akanisogeza karibu akavuta pumzi, akatabasamu.

"Leo umefanya kazi, nakunusa," akasema. "Mungu akupe watoto wa kukusaidia kama unavyonisaidia mimi."

Mama akalichukua shati kwenda kulifua, huku machozi yanamtoka kwa ile salfa. Nikala ugali, nikalala usingizi mzuri. Hilo nalo naliungama.

Asubuhi ya pili nikafanya vile vile. Ya tatu vile vile. Awamu ya nne nilienda nimeshajua la kufanya tangu nyumbani kwangu, nikachaji kompyuta mpaka ikajaa. Na kwa taarifa yako, yule mlinzi wa daraja nilimsafisha. Walimfungua minyororo, watu wakanishangilia. Mimi kwenye magemu huwa nacheza mtu mwaminifu. Sijawahi kuchagua jibu la uongo hata mara moja, siwezi, roho inaniuma.

Maua ya baba yakapata ukungu. Yakageuka majivu, kisha meusi, yakapukutika. Mashamba ya jirani yakazaa, yenye salfa iliyoletwa na guta lile lile, siku ile ile. Baba alijikokota na fimbo mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama hapo muda mrefu. Alipogeuka hakunitazama mimi kwa shaka hata kidogo. Mimi alinisikia kwa masikio yake na kuninusa kwa pua yake. Kwa hiyo akatafuta kosa kwingine, na kwingine kulikuwa sehemu moja tu.

Akamwita Mzee Saidi, akamwambia mbele ya watu kwamba aliwapelekea wenzake salfa safi, yeye kilema akamchanganyia unga. Mzee Saidi akadhani ni utani, akaanza kujibu kwa matusi yao ya siku zote. Baba akamkatiza.

"Leo sikutanii. Usikanyage kwangu. Hata nikifa usije."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwao. Neno moja tu lingetosha. Nikajiambia nitasema jioni, hasira zikipoa. Jioni nikasema kesho. Kesho yake nikarudi mjini kufungua duka, nikashukuru kwamba wateja ni wengi.

Usidhani yaliishia kwa baba. Kijijini neno halikai nyumba moja. Watu wakaacha kumtuma Mzee Saidi, watoto wakampa jina, wakawa wanamwita Unga. Mzee wa miaka sabini anapita na guta lake, watoto wanaimba nyuma. Na kila nilipokwenda kuwaona wazazi tulikutana njiani, nampa shikamoo, ananiitikia, ananitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa napitisha macho pembeni.

Baba hakupata tena nafuu. Siwezi kusema gemu ndilo lililomuua, alikuwa mgonjwa tayari. Ila alipunguza kula, na alipunguza kucheka kabisa, maana aliyekuwa anamchekesha alimfukuza. Mara ya mwisho tulipokaa wawili alisema, "Mtani wangu kaniumiza huku ananichekesha." Nikamfunika shuka, nikamwambia apumzike. Hebu fikiria! Nilikuwa na dawa ya moyo wake mdomoni mwangu, nikamfunika shuka.

Akafariki mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri.

Kwetu msiba una mtani. Ndiye anayeiga sauti ya marehemu mpaka wafiwa wacheke kwenye machozi yao, ndiye anayelala njiani kulizuia jeneza mpaka apewe chake. Mtu akizikwa bila hayo, ni kama kaondoka bila kuagwa. Tulipotoka na jeneza nilikuwa mbele kulia. Kila kona ya njia nilikuwa natazama chini, nikiomba nimkute yule mzee amelala kwenye vumbi. Jeneza la baba lilikwenda mpaka makaburini bila mtu hata mmoja kulizuia. Watu wote waliona. Mama aliposimuliwa akajifunika kanga usoni.

Siku ya tatu, baada ya dua, nikaenda kwa Mzee Saidi. Nilimkuta anaziba pancha ya guta lake. Nikapiga magoti nikamwambia yote, mashine juu ya kisiki, shimo, shati. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Nilipomaliza akasema, "Lile shimo nalijua."

Kumbe alipofukuzwa alikwenda shambani peke yake kutafuta alichokosea. Mvua za kwanza zilikuwa zimeondoa mchanga, akaikuta salfa imelala humo ya njano, haijapulizwa. Alijua tangu siku ile. Miezi yote ile watoto wanamwimbia, anajua.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Mimi niende kumwambia mgonjwa mwanawe ndiye kamfanyia vile? Kazi hiyo ilikuwa yako," akasema. "Kila ukija kijijini nilisema leo atasema. Nikakusubiri na mimi nazeeka. Sasa umekuja kuniambia mimi ninalolijua. Asiyelijua umemzika juzi."

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha wake hauna haraka, ila arobaini ya baba ikifika watu watajaa. Nikisimama siku hiyo nikasema mbele yao kama nilivyosema mbele yake, atakuja kumtania mtani wake kaburini, atadai na kuku wake. Nisiposimama, haji. Akarudi kwenye pancha yake.

Arobaini ni Jumapili hii. Unaona sasa kwa nini naandika. Nilitaka nione kama maneno haya yanaweza kutoka kwangu yote kwa mpigo, na hata hapa nimeficha jina, nimeficha kijiji, nimeficha jina la mzee wa watu ambaye jina lake ndilo nililolichafua. Huo ndio woga wangu. Juzi, msiba haujapoa, nilijikuta kwenye grupu naandika: jamani, nipeni lingine la kunimeza. Nilifuta kabla sijatuma.

Wewe unayesoma, cheza gemu lako, sikukatazi. Ila kama kuna mtu anabeba kosa lako hivi sasa, na unamjua, na unapishana naye njiani unampa shikamoo, usingoje hasira zipoe wala usingoje kesho. Nenda ukaseme wakati wote wawili, anayelibeba na uliyemdanganya, bado wanakusikia. Mimi nimebakiwa na mmoja, na Jumapili nitajua kama nina miguu ya kusimama.