Siku Nilipomwacha Nakiete kwenye Banda la Gemu

Jamani, naona haya hata kuanza, lakini mkisikia kwa wengine mtaongezewa chumvi, bora niseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile kila kitu ruksa na mfukoni hamna kitu, jamaa mmoja Same mjini akafungua banda la gemu, televisheni ya mtumba, na humo kulikuwa na gemu la katuni za Kijapani zenye macho makubwa, unapigana na majoka huku unatafuta mchumba. Uzuri wake, msichana akinuna unampa ua, anacheka (Nakiete, msichana wangu wa kweli, ukimpa ua anauliza umelichuma shamba la nani). Ubaya wake, ukishachagua mke hakuna kurudi nyuma. Na mimi kwa mapenzi yangu nikampa msichana mmoja muuza mikate wa kwenye gemu jina la Nakiete.

Ikafika siku moja kabla ya posa yangu kupanda mlimani kwa kina Nakiete. Nikasema niingie bandani kidogo tu nitulize roho, na ndiyo siku gemu liliponiuliza: Nakiete au binti mfalme? Vijana nyuma yangu wakapiga kelele, "Binti mfalme! Ana ngome na askari, Nakiete ana nini?" Nikawaza joka kubwa nitakalopigana nalo mwishoni, nikabonyeza binti mfalme, tena nikaropoka, "Nakiete atajijua!"

Kijana mmoja akanigusa bega. Nageuka, baba yake Nakiete yuko mlangoni na gunia lake la tangawizi, alikuwa ananitafuta aulize wageni watafika saa ngapi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Malizia tu, mwanangu, harusi haikatizwi."

Akakaa kwenye benchi, akatazama mpaka kengele za kanisa la katuni zikalia, mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Kesho yake mshenga akarudi ameinamisha kichwa. "Mzee amekataa. Anasema hatoi binti awe mke wa pili, harusi ya kwanza amehudhuria mwenyewe."

Nikapanda mlima mbio mpaka kwa Nakiete. "Lile ni gemu tu!"

"Najua ni gemu," akasema. "Kwa hiyo hakuna aliyekulazimisha."

Ameolewa bondeni huko Ndungu, kwa mkulima wa mpunga. Mimi nimeapa jina la mwanamke ninayempenda haliingii tena kwenye mashine, ila tangu siku ile sijapata jina jingine la kuficha.