Gari Niliyoinyoosha Kabla ya Kodi

Hii stori inanionyesha mjinga, na haidanganyi. Wenzangu wa gereji pale Ntinda wananiomba niisimulie kila tukikaa kula chapati, ndiyo chai iteremke vizuri. Basi acha niiandike mwenyewe.

Nimezaliwa kwenye nyumba za maaskari jela, Luzira. Mzee wangu ni askari jela. Mwaka ule alikuwa anamaliza kazi, na ukimaliza kazi unarudisha nyumba. Mpango wetu ulikuwa mmoja: pesa yake ya kustaafu inunue gari, mimi niendeshe teksi, hiyo teksi itulipie nyumba ya kupanga. Mpango wa pili hatukuwa nao.

Shule niliachia darasa la saba, lakini nyundo naijua. Kazi yangu ni kunyoosha bodi. Ndiyo maana tukachukua gari iliyogongwa, kutoka Japani, bei ya chini. Boneti imekunjamana kama uso wa mtu amelamba ndimu, mlango wa kushoto umeingia ndani, taa moja hakuna. Ikafika mpaka bondi, ile yadi magari yanangoja kulipiwa kodi ndiyo yapewe namba. Kodi yote hatukuwa nayo. Ejenti, yule anayetembeza karatasi zetu, akasema tusijali, ataandika barua. Barua ya nini? Sikuuliza. Jumatatu akanipigia: "Kijana, Ijumaa afisa wa kodi anakuja kukagua gari yako. Uwepo."

Kukagua! Mtoto wa askari akisikia hivyo, mkono wenyewe unatafuta brashi. Kwetu wakisema mkubwa anakuja kukagua, mama zetu walikuwa wanapaka chokaa hata mawe ya njiani. Mkubwa akikuta kitu kimevunjika kwako, ni mzee wako anaadhibiwa. Nikawaza: huyu afisa akikuta gari imebondeka hivi, ataikatalia namba.

Nikamwambia mlinzi wa bondi naenda kuosha gari. Nikaosha siku nne. Nyundo, puti ya kuziba mabonde, msasa, rangi. Taa nikatoa kwa gari kuukuu ya gereji. Vipande vilivyovunjika nikampa mtu wa vyuma chakavu. Alhamisi mlinzi mwenyewe alikuja kujitazama kwenye ule mlango akachana nywele.

Ijumaa afisa akaja, mama mmoja mpole, na faili. Ejenti nyuma yake. Mama akasoma ile barua kwa sauti: boneti imeharibika, mlango umeingia ndani, taa hakuna, tunaomba mtupunguzie kodi kwa sababu ya ajali. Akainua macho. Gari inang'aa mpaka inaumiza. Akaenda kuangalia namba ya chesisi, akarudi.

"Ni yenyewe. Ajali iko wapi?"

"Kijana," ejenti akasema polepole, "umeniua."

"Niliinyoosha, nyabo," nikamwambia yule mama. "Nilitaka ukija ukute iko smati."

"Una picha ya vile ilikuwa?"

Picha! Nikatoa simu mbio. Picha zilikuwa nyingi. Lakini banange, nilikuwa naona haya marafiki waone gari imebondeka. Kila picha mimi nimekaa juu ya boneti, miguu nimetandaza kama mwenye mji. Nikitoka kwa boneti, nimeegemea mlango wa kushoto na miwani ya jua. Mama akazipitisha moja moja mpaka mwisho.

"Nakuona wewe tu," akasema. "Ajali umeikalia."

"Nyabo, nipe dakika tano na nyundo, nairudisha vile ilikuwa."

Mlinzi akacheka. Mama naye alitaka kucheka, halafu akafungua kalamu. "Mwanangu, mimi naandika kitu naona. Naona gari nzima."

Kodi ikaja ya gari nzima. Hatukuifikia hata kwa kusimama kwa vidole. Tulienda kwa baba mdogo kule Mengo, akatupa chai na pole. Tulienda kwa chama cha mama cha kuweka akiba, kwa bosi wangu. Ejenti akapeleka barua nyingine, ikarudi vile ilienda. Siku za kukaa bondi zikaisha, gari ikaandikwa kwenye mnada.

Kabla ya mnada, mzee aliomba akaione, maana hakuwahi kuiona. Mlinzi akatufungulia. Mzee akaizunguka mara mbili, kofia mkononi.

"Iligongwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Nikauchukua mkono wake nikauweka palepale. Akapapasa. Akachutama akatazama kwa pembeni, akainuka akishika goti. Nilikuwa nangoja matusi, hata nilikuwa nimetayarisha utani wa kujikinga. Hakutukana.

"Hata mimi ningeandika nzima," akasema. "Twende, mama yako anafunga vyombo vya kuhama peke yake."